Koti la suti limebaki bila suruali: nilivae na jinzi, nibadilishe vifungo, au nitafute bleza yenyewe?

Kijana wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina suti ya bluu iliyokoza, vifungo viwili mbele, niliishonesha nilipomsimamia rafiki yangu harusi. Suruali nimeivaa sana ofisini, sasa imekwisha mapajani na fundi anasema kiraka kitaonekana tu. Koti bado jipya. Nimekwama kwenye haya: kulivaa lilivyo na jinzi au kadeti, kubadilisha vifungo lifanane na bleza (koti linaloshonwa peke yake, bila suruali yake), kushonesha suruali nyingine ya rangi ile ile, au kulitoa nikatafute bleza ya mtumba soko la Karume. Ijumaa kazini kwetu tai si lazima, na vikao vya harusi ndiyo hivyo, haviishi. Sitaki kuonekana nimevaa gizani umeme umekatika.

Fundi Sindano
Mkuu, kabla ya vifungo tuambie kitambaa. Suti nyingi za ofisini ni sufu laini iliyosokotwa ikakazwa, au imechanganywa na poliesta, na uso wake unateleza. Kitambaa cha bleza kina chembechembe, ukipitisha kidole unazisikia nyuzi. Chukua koti, simama nalo dirishani mchana, siyo chini ya taa. Likirudisha mwanga begani na kwenye kiwiko, usilipeleke kwenye jinzi. Jinzi ni nguo kavu, nzito, na koti linalong'aa juu yake linasema wazi kwamba suruali imekufa.

Halafu angalia bega. Pedi naweza kuipunguza. Upana wa bega ni habari nyingine, lazima nifumue mikono yote miwili, na bei nitakayokutajia utaona heri ununue jingine. Kiuno hakina shida, tunabana kwenye mshono wa mgongoni. Urefu usiguse kabisa. Koti la suti hufunika makalio, na ukilikata chini mifuko inabaki pale pale ilipo, inaishia karibu na pindo. Nimeletewa makoti ya hivyo nirekebishe. Hayarekebishiki.

Mama Mitumba
Mimi nauza makoti hapo hapo Karume. Makoti huja belo lake na suruali belo lake, kwa hiyo hayo makoti yatima ndiyo riziki yetu, msiyaseme vibaya 😄. Ninavyowachagulia wateja wangu: lenye mistari myembamba ya chaki liache, hata liwe zuri vipi, maana mistari inadai suruali yake. Lenye mifuko iliyobandikwa kwa nje, chukua. Lenye drafti, chukua. La kitani, chukua haraka kabla mwenzio hajafika. Yale mazito ya sufu ya Uskoti ni mazuri kweli, ila yapelekeni Iringa, kwa joto la Dar utalibeba mkononi siku nzima.

Na mlikague mbele. Finya kitambaa chini ya kitundu cha kifungo cha mwisho, vuta safu mbili zitengane. Ukisikia safu ya tatu inateleza katikati, ndani wameshona turubai, kile kitambaa kigumu cha kulipa koti umbo, litadumu. Ukikuta zimegandana, ni gundi. Gundi si dhambi, lakini likifuliwa kwa maji au likapigwa pasi kali huvimba malengelenge kifuani, na hapo hakuna fundi.

Otieno wa Nai
Kwa vifungo, chunga sana mzee. Vile vya shaba vinavyometameta kwenye koti la bluu, na suruali ya kijivu chini, hapa Nairobi hiyo ni sare ya sekondari. Watu watakuuliza uko kidato cha ngapi. Weka vya kahawia, vya pembe au plastiki inayofanana na pembe, visivyo na mng'ao. Kwa kawaida vya mbele ni milimita 20 na vya mkononi milimita 15, nunua seti moja ili vya mkononi visitofautiane na vya mbele.

Kijana wa Tabata
Nimelipeleka dirishani. Linang'aa kidogo, na bega lina pedi ya kutosha. Kwa hiyo jinzi basi? Na ile ya kushonesha suruali ya rangi ile ile?

Fundi Sindano
Jinzi achana nayo. Na bluu mpya chini ya bluu iliyokwishavaliwa haikai, hata duka lilikokatwa kitambaa litakupa bluu nyingine kidogo, na ile tofauti ndogo ndiyo inayoonekana kuliko tofauti kubwa. Ndiyo maana mteja wangu wa suti namshauri suruali mbili tangu siku ya kwanza. Suruali hufa mapema, koti linakaa kwenye kiti chake tu.

Wewe tafuta suruali ya kitambaa, kijivu cha kati au rangi ya krimu, moka za kahawia, shati bila tai. Kijivu kizito sana usivae, kikikaribiana na bluu yako watu watadhani umekosea kuchukua kabatini. Kadeti inaweza kupita kama imepigwa pasi na si ile ya mifuko ya pembeni.

Mtu wa Darajani
Yakhe, mmejadili suruali zote za dunia, kanzu hamna aliyeitaja? Huku Unguja koti la suti lisilo suruali halijawahi kuwa tatizo. Kanzu nyeupe, kofia ya mkono, koti juu. Mzee anakwenda harusini, anakwenda Ijumaa, hakuna anayeuliza suruali iko wapi. Tena hapo kitambaa laini na bega lenye pedi ndivyo vinavyotakiwa, kanzu nyepesi inahitaji koti lenye umbo. Hilo la bluu lako lisiguswe hata kifungo.

Mgeni Kampala
Kweli kabisa. Huku Kampala kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, wanaume wote kanzu na koti, na kanzu ya Kiganda ina ile nakshi ya rangi ya damu ya mzee kifuani. Koti la bluu au la kijivu linakaa vizuri juu yake. Jeusi huwa naliona kama la msiba, lakini hayo ni yangu.

Otieno wa Nai
Hapo mmenimaliza. Mimi Mluo, kanzu sina 😂

Kijana wa Tabata
Kanzu ninayo, na nina harusi mbili za upande wa mama, Tanga. Basi vifungo naviacha kwanza, nanunua suruali ya kijivu kwa ajili ya Ijumaa za kazini. Bleza ya kuvaa na jinzi nitamfuata Mama Mitumba.

Mama Mitumba
Njoo asubuhi belo likifunguliwa. Mchana unakuta yale ya mistari.

Fundi Sindano
Kabla ya Tanga lilete koti, na kanzu yenyewe uje nayo. Mkono wa kanzu ni mpana na unashuka kuliko wa shati, ukipimiwa juu ya shati utafika harusini kanzu imechungulia nusu kiganja. Na angalia vifungo vya mkononi kama vitundu vyake ni vya kweli au vimedariziwa tu. Vikiwa vya kweli siwezi kufupisha mkono kwa chini, itabidi nianzie begani.