Ukoo wa Kilema: Neema yuko Quito

Neema: Shikamooni wakubwa. Nimefika Quito, mji mkuu wa Ekuado, salama. Ila ngazi za hoteli tu napanda nahema 😩

Mjomba Aloyce: Marahaba. Hapo mko mita ngapi?

Neema: 2,850 mjomba.

Mjomba Aloyce: Basi umelala juu kuliko kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro. Mandara ni 2,720. Wageni wote niliowapandisha mlima nilikuwa nawaambia: pole pole, maji mengi, pombe hapana. Leo zunguka mjini tu, huko kwenye mlima usiguse.

Mama Neema: Msikie mjomba wako. Umekula?

Neema: Nimekula locro mama. Ni supu nzito ya viazi na jibini, juu wanakatia parachichi. Mtori kabisa, ndizi tu hakuna.

Frank: Picha dada, acha chakula

Neema: Nina za nje tu. Nimeingia La Compañía, kanisa la Wajesuiti, lile shirika la mapadre, ndani wanakataza kupiga. Mbele ni jiwe la volkano limechongwa kila inchi. Ukiingia, nguzo, dari, altare, vyote vimebandikwa dhahabu. Walianza kujenga 1605, wakamaliza 1765.

Frank: Miaka 160 😳 halafu sisi tunanung'unikia michango ya kigango

Neema: Sikia sasa. 1767 mfalme wa Hispania akawafukuza Wajesuiti kwenye makoloni yake yote. Wamelifaidi miaka miwili.

Shangazi Resti: Ee Mungu wangu. Na dhahabu wakaiacha?

Neema: Wataibandua saa ngapi shangazi 😂

Frank: Bibi yuko hapa, anauliza umesali au umeshangaa tu.

Neema: Mwambie shikamoo. Nimesali kanisa la San Francisco, hatua chache tu kutoka hapo. Hilo ni la zamani zaidi, ujenzi ulianza miaka ya 1530. Na mbele yake kuna uwanja mkubwa wa mawe wenye hadithi yake. Fundi mwenyeji wa asili aitwaye Cantuña alichelewa kumaliza kazi, akamwahidi shetani roho yake ili amalizie usiku kucha. Kulipokucha jiwe moja halikuwepo, mkataba ukavunjika, roho ikapona.

Frank: Bibi anacheka. Anasema fundi aliyetujengea choo angemshinda huyo shetani.

Mama Neema: 😂😂 Na ile sanamu yenye mabawa uliyoweka status?

Neema: Bikira Maria wa Quito, yuko juu ya kilima cha Panecillo, ni wa alumini. Unamwona kutoka mitaa mingi ya mji mkongwe. Huko wenyeji wananiambia nipande na teksi, ngazi za kilimani zina vibaka.

Mama Neema: Teksi basi!

Neema: Lakini wote mnaoniuliza kizuri kuliko vyote: mimi tuzo naipa Basílica, kanisa jingine kubwa la hapa, si lile la dhahabu. Kuta za nje, pale ambapo makanisa ya Ulaya yanatoa vichwa vya mazimwi, hawa wamechonga wanyama wao: iguana, kobe, armadilo wanaofanana na kakakuona, nyani. Halafu unaruhusiwa kupanda minara. Unavuka daraja la mbao juu ya dari ya kanisa, kisha ngazi za chuma zimesimama wima. Kuna mzungu nyuma yangu alishika chuma akagoma kwenda mbele wala nyuma.

Mjomba Aloyce: Nawajua hao. Unamwongelesha habari za nyumbani kwake mpaka miguu inasahau.

Mjomba Aloyce: Ila nimekwambia usipande!!

Neema: Ulisema mlima mjomba 🙈 Mlima ni keshokutwa. Kuna gari la kebo linapanda Pichincha mpaka karibu mita 4,000.

Mjomba Aloyce: Hilo ndilo walilotaka kutuletea Kilimanjaro mwaka 2019. Wapagazi tulipiga kelele. Mtu anatoka 2,850 anafika juu kuliko kibanda cha Horombo kwa dakika chache, hajatembea hata hatua moja? Kichwa kikianza kuuma shuka nalo hilo hilo, usisubiri.

Neema: Sawa mjomba.

Upendo Nanyuki: Mmesahau ikweta nyie. Nenda Mitad del Mundo, kwenye mnara wa ikweta!

Neema: Nitaenda. Mnara una mita 30, umejengwa kuwakumbuka wanasayansi Wafaransa waliokuja 1736 kupima umbo la dunia. Kichekesho ni kwamba vipimo vya setilaiti vinaonyesha mstari wenyewe uko mita 240 hivi kaskazini.

Upendo Nanyuki: Na lazima watakutolea beseni, maji yazunguke kulia upande huu, kushoto upande ule. Hapa Nanyuki ikweta inapopita wanafanyia watalii kila siku. Mzunguko wa dunia hauwezi kusukuma maji ya beseni, ni mkono wa anayemimina. Mtazame mkono.

Shangazi Resti: Kumbe! Mimi nililipa shilingi mia tano za Kenya pale

Upendo Nanyuki: 🙊

Frank: Bibi anasema urudishiwe.