Mrejesho: Kigari kilichokuwa kinakunywa mafuta

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nililalamika hapa kwamba kigari changu cha injini ya lita 1.3 kinabugia mafuta, lita moja inakwenda kilomita 9 wakati zamani kilifika 14. Asanteni sana kwa ushauri, umenisaidia kweli.

Nilianza kwa kupima sawasawa: jaza tanki mpaka pampu ijikate, andika kilomita, endesha, jaza tena, gawanya. Ikatoka 9.2, basi tatizo lilikuwepo kweli.

Matairi yalikuwa na upepo psi 24 badala ya 32. Nikajaza, nikabadilisha na plagi pamoja na chujio la hewa. Ikapanda hadi 10.1 tu. Plagi na chujio vya zamani havikuwa vibaya, nadhani upepo ndio uliosaidia.

Aliyesema nisogeze kiganja karibu na rimu baada ya safari, Mungu akubariki. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya mbele kushoto ilifuka joto kama jiko, na harufu ya pedi kuungua. Fundi alipofungua, pistoni ya breki ilikuwa imekwama kwa kutu, pedi moja imelika karibu kufika kwenye chuma. Yaani nilikuwa naendesha huku breki imeshika! Alitengeneza kalipa (kifaa chenye pistoni kinachobana pedi), akaweka pedi mpya pande zote mbili.

Sasa napata 12.6, nimepima mara mbili. 14 bado. Mshale wa joto haufiki katikati hata nikienda mbali, na injini isiyopata joto la kutosha hula mafuta zaidi, kwa hiyo kinachofuata ni thamostati (vali inayodhibiti joto la injini).