Chumba cha mtu asiyevumilia kemikali: nikitumia vitu vya asili tu nimemaliza?

baba_wawili: Jamani naomba msaada. Mke wangu harufu ya rangi mpya au thina ikimfikia tu kichwa kinagonga, macho yanawasha, kifua kinabana. Nyumba tuliyopanga mara ya mwisho ilikuwa imetoka kupakwa rangi, akalala barazani wiki nzima. Sasa tunajenga chumba chetu wenyewe nataka udongo, mbao na chokaa basi. Kuna mitego? Fundi anasema hata plaibodi ni mti tu.

fundi_chokaa: Mkuu plaibodi ni mti ulioshikwa na gundi na shida iko hapo kwenye gundi. Nyingi, pamoja na chipubodi na MDF (mbao za unga wa mti uliobanwa na gundi), zinatoa fomaldehaidi, gesi yenye harufu kali, kidogo kidogo kwa miaka na joto na unyevu vikizidi inatoka zaidi. IARC, wale watafiti wa saratani walio chini ya WHO, waliiweka kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 2004, kwahiyo sio maneno ya mtaani. Kabati fanya mbao nzima au chuma. Ukutani chokaa iko vizuri, ualkali wake kuvu haiupendi, ila ikiwa mbichi inaunguza ngozi na macho so shemeji asisogee mpaka ikauke. Udongo pia mzuri, lakini ukichanganya na majani makavu hakikisha unakauka haraka, ukichelewa unaota ukungu na hapo umemletea mgonjwa balaa jingine.

pua_nyepesi: Kaka mimi ndo mgonjwa mwenyewe, neno asili lisikudanganye hata kidogo. Mbao mpya za msonobari zenye utomvu zilinishinda kabisa. Nikashauriwa mafuta ya kitani kwenye sakafu, eti ni mbegu tu, yale mafuta yakiwa yanakauka yananuka wiki na wiki nikahama chumba. Siku hizi sinunui kitu kabla ya kukijaribu. Nachukua kipande naweka kwenye chupa pana ya kioo yenye mfuniko, siku tatu sehemu yenye joto, anafungua mtu mwingine kwanza halafu mimi nanusa kwa mbali. Kikipita nalala nacho karibu na mto usiku mbili tatu. Kimoja kimoja!! ukichanganya hutajua kipi kimekuumiza. Na anuse yeye, pua yako wewe haitakuambia kitu.

baba_wawili: Asanteni sana, ya mafuta ya kitani nilikuwa nimeshaagiza. Sakafu je? Na rangi zinazoandikwa hazina harufu?

fundi_chokaa: Sakafu marumaru, zimechomwa tanuri haziachii kitu, ila mwambie fundi azilaze kwa saruji na mchanga mtupu asitumie gundi ya ndoo. Na hayo mafuta usiyaache na matambara yaliyolowa yamekunjwa kwenye kona, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto, yatandaze nje yakauke.

pua_nyepesi: Rangi hizo nyingi za maji zina dawa ya kuzuia zisioze ndooni, isothiazolinoni, watu wengi inawapa aleji ya ngozi. Na ile rangi nzito wanayoongezea dukani kupata rangi unayotaka nayo inaweza kuja na kemikali zake. Paka kwenye kibao uache kikauke ndo kiingie kwenye chupa.

baba_wawili: Sawa, plaibodi nimeizuia isije. Chupa ya kwanza nimeweka udongo wa plasta, mke wangu amesema ataifungua yeye mwenyewe keshokutwa.