Tupeane uzoefu: mimea ya rizomu kwenye tangi la samaki, kwa sisi wa Arusha na Moshi

Mwanzisha mada (Njiro, Arusha)

Ndugu zangu, naomba tusimuliane yaliyotupata tulipoanza kukuza anubiasi, kangaga la Java na jamaa zao, yaani mimea ambayo shina lake ni rizomu, lile shina nene linalotambaa kama tangawizi, likitoa majani juu na mizizi chini. Nitaanza mimi, tena nitaanza na aibu.

Nimekulia kwenye migomba na magimbi, na anubiasi ni wa ukoo mmoja na magimbi. Kwa hiyo nilipoletewa shina langu la kwanza kutoka Dar es Salaam, nilifanya kile ambacho mkono wangu ulikijua. Nilichimba changarawe, nikalifukia, nikalishindilia kwa kidole gumba. Wiki ya kwanza majani yalisimama vizuri, nikajisifu. Wiki ya tatu jani moja lilichomoka lenyewe likaelea, na nilipounusa ule mguu wake nilikutana na harufu ya yai viza. Nilipofukua, rizomu ilikuwa uji wa kahawia, isipokuwa kipande cha urefu wa pingili moja ya kidole chenye jani moja.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwao, huko Afrika Magharibi na ya Kati, mmea huu hushika mawe na magogo kandokando ya vijito, rizomu ikiwa wazi mahali maji yanapopita. Ukiifukia inakosa hewa, inaoza. Mizizi peke yake ndiyo inayoweza kuingia kwenye changarawe bila madhara. Nilichonga palipooza kwa wembe mpaka nikafika kwenye nyama ngumu, kisha nikakifunga kile kipande juu ya jiwe.

Mchangiaji (Moshi)

Pole, kaka. Mimi kuoza hakukunipata. Kilichonitesa ni kufunga. Mawe si shida kwetu, kwa kuwa mlima umetuachia mawe meusi ya volkano yenye vitundu, na mizizi huyapenda kwa sababu inapata pa kung'ang'ania. Huwa nayasugua kwa brashi bila sabuni, nayachemsha, halafu nadondoshea siki: jiwe likitoa povu nalirudisha nje, maana lina chokaa na litafanya maji kuwa magumu.

Mara ya kwanza nilitumia mshipi wa kuvulia, nikaukaza mno, ukaikata rizomu katikati. (Vipande vyote viwili viliota, kwa hiyo kosa hilo lilinifundisha namna ya kuzidisha mimea, hakikisha tu kila kipande kina majani matatu au manne.) Mara ya pili nilitumia uzi wa pamba, nao ukaoza kabla mizizi haijashika, nikakuta mmea unaelea na samaki wangu wadogo aina ya gapi wanauzunguka kama msiba. Sasa ninatumia uzi mweusi wa poliesta, ule wa fundi cherehani, mizunguko mitatu iliyolegea kidogo. Supaglu nayo inafaa: unakausha jiwe na upande wa chini wa rizomu kwa kitambaa, unatia tone, unabana kwa dakika moja. Huacha doa jeupe linaloudhi macho, lakini mizizi hulifunika baadaye.

Mchangiaji (Sakina, Arusha)

Kwangu adui alikuwa mwanga. Niliweka tangi dirishani nikidhani ninaupendelea mmea, kumbe jani la anubiasi hukua polepole na kudumu muda mrefu, hivyo mwani unapata nafasi ya kulivaa. Majani yalivaa manyoya meusi ambayo kusugua hakukuyatoa. Niliyakata yaliyoharibika sana, nikahamishia tangi kwenye kona, nikapunguza taa kutoka saa kumi na mbili kwa siku hadi saa saba, na anubiasi nikaiweka kwenye kivuli cha kangaga. Majani mapya yalitoka safi.

Kuhusu baridi, mwezi wa saba mwaka jana hita iliharibika na maji yakashuka hadi nyuzi 18. Mimea haikufa, ila ilisimama kukua kabisa hadi mwezi wa tisa. Maji ya bomba ninayaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha. Hii floraidi yetu inayotutia meno kahawia haijaniletea shida kwenye majani.

Mchangiaji (Moshi)

Naomba kuuliza huku nikikiri: nilikata majani tisa ya kangaga la Java kwa sababu upande wa chini yalikuwa na vidoti vyeusi vimejipanga, nikadhani ni ugonjwa. Nimefanya vibaya?

Mwanzisha mada

Dada, pole sana, umekata uzazi. Vidoti vile vilivyojipanga ni vifuko vya spora, yaani chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana kwazo badala ya mbegu, na mara nyingi kwenye jani hilohilo huchipua vitoto vyenye vimizizi vya kahawia. Vikifika majani matatu vinabanduliwa na kufungwa kwenye jiwe jingine. Kinachotia wasiwasi ni matundu yenye ukingo wa njano, ambayo kwangu yalikoma nilipoanza kutia mbolea ya maji yenye potasiamu, kwa kuwa mimea hii hula zaidi kutoka kwenye maji kuliko kwenye changarawe. Kama hujayatupa, yaache yaelee. Jani lililokatwa nalo huweza kutoa vitoto.

Kile kipande changu cha pingili moja, kwa anayeuliza, kina mwaka na miezi miwili na kimefikisha majani kumi na moja.