Kidonda cha mzee miezi minne hakifungi, tukiache wazi kipate hewa?

Mwana wa Ilagala: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumegawanyika. Mzee wangu ana miaka 63, yuko Ilagala huku Kigoma, ana sukari tangu 2016 na sigara hajaacha. Alichomwa na mwiba wa mchikichi pembeni ya kidole gumba cha mguu, yani hakusikia hata maumivu, sisi ndo tuliona damu kwenye ndala. Miezi minne sasa kidonda kiko vilevile, kingo ngumu, katikati kumepauka. Shangazi anasema tufunue kipate hewa kikauke, anamwagia na unga wa vidonge vya rangi mbili, mdogo wangu naye anapaka mawese. Nesi wa dispensari kasema seli za ngozi zinakosa oksijeni, sasa kama ni oksijeni si ndo hiyo hewa yenyewe? Tufunge au tuache wazi? Halafu usiku mguu unamuuma mpaka auning'inize nje ya kitanda ndo apate usingizi.

Mchuuzi wa Mwanga: Pole sana ndugu. Mi niko na shangazi, watoto wakichubuka magoti tunaacha wazi na wanapona wiki tu.

Mwalimu Baiolojia: Mkuu goti la mtoto lina damu inayofika, ndo tofauti yenyewe. Ngozi ya juu kabisa ni kweli inachukua oksijeni kidogo toka nje, ila ni tabaka jembamba mno, haifiki hata nusu milimita. Kidonda kilichoingia ndani kinalishwa na damu, uking'oa bandeji hujakiongezea kitu, unakikausha tu, na seli za ngozi zinatambaa vizuri pakiwa na unyevunyevu, pakikauka inabidi zichimbe njia chini ya gaga. Mtafiti mmoja, Winter, alionyesha hilo kwa nguruwe mwaka 1962, vidonda vilivyofunikwa viliota ngozi haraka kuliko vilivyoachwa wazi.

Sasa kuna kitu kinachanganya watu. Oksijeni kupungua MWANZONI ni kawaida na inasaidia. Ukikatwa, mishipa midogo imekatika, seli pale zinaishiwa hewa, ndani yake kuna protini inaitwa HIF-1 ambayo siku zote huvunjwa mara tu inapotengenezwa, ila oksijeni ikishuka haivunjwi, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuotesha mishipa mipya na kuzifanya seli za ngozi zianze kusogea kuziba pengo. Walioeleza namna seli inavyohisi oksijeni, Semenza, Ratcliffe na Kaelin, walipewa tuzo ya Nobel 2019. Ila ile ni ishara ya kuomba msaada, sasa damu isipokuja wiki hadi wiki, seli zinachoka. Kolajeni, yani nyuzi za protini zinazoshikilia ngozi, haiwezi kusokotwa ikakaza bila oksijeni, na seli nyeupe zinaihitaji hiyohiyo kutengeneza sumu ya kuua bakteria, ndo maana kidonda kinapauka na kuoza. Na sukari ikiwa juu inaharibu hata hiyo HIF-1, yani mguu unakosa hewa na hauwezi kuomba msaada vizuri.

Nesi wa Zamu: Nimesoma yote ila kilichonishtua ni hapo kwenye kuning'iniza mguu. Kaka hiyo siyo tabia ya kulala, mguu ukiwa chini damu inashuka kwa uzito wake ndo maana maumivu yanapungua, ni dalili mishipa mikubwa ya mguu imeziba. Usikae nayo hata wiki. Mpeleke Maweni, hospitali ya mkoa hapo Kigoma, waombe wamshike mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, na wakiweza wapime presha ya mguu walinganishe na ya mkono, ikiwa chini ya 0.9 ya mkono damu haipiti vizuri, ila kwa mwenye sukari kipimo kinaweza kudanganya kikasoma sawa kwa sababu mishipa imekakamaa, kwa hiyo mwambie daktari hayo maumivu ya usiku hata wasipokuuliza. Wakikuandikia rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, msisite.

Unga wa vidonge acheni leo, na spiriti pia, inaua hizohizo seli changa. Mawese acheni. Osheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, dresingi yenye unyevu, asikanyagie hapo. Mtu asimfunge bandeji ya kubana kabla mapigo hayajapimwa. Na sigara jamani, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni na nikotini inabana mishipa. Kidole kikiwa cheusi, au harufu, au homa, ondokeni usiku huohuo.

Mchuuzi wa Mwanga: Nimeelewa, nafuta ushauri wangu. Ndugu usimsikilize shangazi.

Mwana wa Ilagala: Asanteni sana, nimesoma kwa sauti hapa na shangazi akiwepo, kanyamaza halafu kaenda mwenyewe kutafuta bandeji safi. Mzee kasema sigara atajaribu. Tunapanda gari ya alfajiri. Dada nesi swali moja tu, njiani nimwinulie mguu juu ya siti? Kidogo umevimba.

Nesi wa Zamu: Hapana, usiuinue. Uwe chini, avae soksi pana isiyobana, na nafasi ya kunyoosha goti. Ukifika andika hapa walivyokuta mapigo.