Skani za fMRI: kwanini tupitie hatua mbili badala ya kwenda moja kwa moja kwenye templeti?

Mleta mada: Wadau mnaochambua fMRI, naomba mnisaidie. Picha ya fMRI (ile ya kuona ubongo ukifanya kazi) ina vokseli, yaani vijipande vya picha, za milimita 3, ukungu mtupu, T1 (picha ya umbo la ubongo) ya mtu huyohuyo ni milimita 1 na mikunjo yote inaonekana. Tunaambiwa tulaze fMRI juu ya T1 kwanza, halafu T1 ndo iende MNI152, ile templeti, yaani ubongo wa mfano ambao wote wanalinganishwa nao. Mi naona kila hatua inaongeza kosa.

Msoma Picha: Mkuu, picha ya ukungu haina cha kushikilia. Fuvu ni lilelile, kwahiyo hatua ya kwanza ni namba 6 tu, tatu za kusogeza tatu za kuzungusha, kazi ngumu ya kuukunja ubongo ufanane na templeti inaachiwa T1. Na hatua zote zinaunganishwa kihesabu kwanza, picha yenyewe inahamishwa mara moja tu, huo ukungu wa kuongezeka unatoka wapi? Wanafunzi wa siku hizi mnabonyeza vitufe tu, hamfungui hata picha moja.

Mleta mada: Vitufe? Nimefungua za washiriki wote, moja baada ya nyingine! Juu ya macho ubongo umevutwa na pana weusi mtupu pale ambapo T1 inaonyesha ubongo mzima. Namba zako 6 zinarekebishaje hapo?

Zamu ya Usiku: Hazirekebishi. Hewa iliyo nyuma ya pua inavuruga sumaku, bila fildi mapu (ramani ya huo uvurugaji wa sumaku) hutoboi, na pale pa weusi ishara imeshapotea hairudi. Kama huna fildi mapu kuna waliokwenda moja kwa moja kwenye templeti ya EPI (iliyotengenezwa kwa picha za aina ileile ya fMRI) wakapata matokeo mazuri zaidi. Ila jamani, MNI152 yenyewe ni wastani wa vijana wazima 152 wa kule Montreal, sisi tunawalazimishia wazee wa kiharusi.

Kahawa Chungu: Haya, yameanza ya Wazungu na Waafrika. Ubongo ni ubongo.

Zamu ya Usiku: Nani kataja Wazungu? Soma vizuri, nimesema VIJANA. Mzee wa miaka 70 vyumba vya maji ya ubongo vimetanuka, ukimbana akae kwenye umbo la kijana unavuta tishu ambayo haipo.

Kahawa Chungu: Kabla ya MNI152 watu walitumia Talairach, ubongo mmoja wa mama wa Kifaransa wa miaka 60, na sayansi ilienda.

Dada wa Takwimu: Ilienda ikichechemea kaka. Wachina wanayo templeti yao, Wahindi wanayo, sisi tukiomba mnatuita wabaguzi.

Kahawa Chungu: Sijamwita mtu mbaguzi! Mkishakuwa na yenu mtalinganishaje koodineti (namba za mahali kwenye ubongo) na maabara nyingine?

Dada wa Takwimu: Tunaweka yetu katikati. fMRI kwenda T1, T1 kwenda templeti ya wazee wetu, hiyo ndo iende MNI. Hatua zitakuwa tatu, na ziwe tatu.