Naomba ushauri: trakea (bomba la hewa) ya mbuzi inaonyesha safu nyingi za seli

Habari zenu wakuu. Nasomea maabara, na slaidi za trakea ya mbuzi zimenishinda. Tishu ilitoka machinjioni asubuhi, ikaingia fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 mchana, kisha alkoholi, zailini (kemikali ya kuondoa alkoholi) na nta. Tulikata mikromita 5, tukapaka rangi za hematoksilini na eosini.

Inajulikana epithelia (utando wa seli wa ndani) ya hapo ni tabaka moja, viini tu ndivyo vimepishana. Mimi naona safu tatu hadi nne kabisa, na silia (vijinywele vya juu ya seli) hazionekani sehemu kubwa. Seli za ute zipo wazi, kwa hiyo si umio. Nimejaribu lenzi ya mafuta na kupaka rangi upya, hali ileile.

Je, huu ni mkato wa mshazari (tishu kukatwa kwa kuinama), na nitautambuaje? Na silia zimepotea kwa kuchelewa fomalini?